Chumba cha Kunyonyeshea Katika Ofisi za Pamoja

Leo tunazungumza na mama aliyemaliza likizo ya uzazi na kurudi kazini, pamoja na nyanya, shangazi au dada anayebaki na mtoto nyumbani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye malipo. Lakini mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila maji, uji wala maziwa ya ng'ombe. Je, hiyo miezi 3 iliyobaki mtoto atalishwaje? Hapo ndipo akina mama wengi wanaposhindwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 60 katika kila 100 wa chini ya miezi 6 hapa Kenya wananyonya maziwa ya mama pekee.

Titi hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Likikaa limejaa kutwa nzima, mwili hupunguza maziwa. Titi pia huuma, hufura, na linaweza kushika maambukizi. Kwa hivyo mama aliye kazini anafaa kukamua kila baada ya saa 3 hivi. Atakamulia wapi?

Siku hizi majengo mengi mjini yamegawanywa. Ghorofa moja iliyokuwa ya kampuni moja sasa ina kampuni ndogo ndogo nyingi, zinazotumia mapokezi, jikoni na choo kwa pamoja. Patisheni ni za vioo na watu wanapita kila upande. Mama anaishia kukamua chooni. Choo si mahali pa kuandaa chakula cha mtoto.

Hata Bungeni jambo hili limezuka. Mwezi wa Agosti 2019, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliambiwa atoke katika ukumbi wa Bunge la Taifa kwa kuingia na mtoto wake wa miezi 5.

Sheria inasema nini? Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka kila mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, na kisiwe chooni. Kifungu cha 72 kinampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua, mbali na ule wa chakula. Muda huo usizidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, na hakatwi mshahara.

Mwajiri mwenye wafanyakazi wanne atasema hana nafasi. Lakini waajiri wa ghorofa moja wanaweza kuchanga na kutengeneza chumba kimoja. Stoo isiyotumika au pembe ya mapokezi inatosha. Mambo ya kufanya ni haya:

1. Ukuta ufike hadi darini na usiwe wa kioo kitupu. Mlango ufungwe kwa ndani, na hewa iingie.
2. Kuwe na maji na sabuni ndani au karibu.
3. Wekeni kiti chenye egemeo, meza ndogo na soketi ya stima kwa pampu.
4. Kuwe na friji. Kama hakuna, mama abebe kikasha chenye barafu, kama kile cha kubebea chanjo kliniki.
5. Ratiba ibandikwe mlangoni, ili akina mama wa kampuni mbalimbali wasigongane.
6. Matangazo ya maziwa ya kopo hayaruhusiwi humo.

Mama, zungumza na mwajiri wako kabla hujaenda likizo. Mkiwa wawili au watatu, mwendeeni pamoja msimamizi wa jengo. Umoja ni nguvu.

Ukikamua, nawa mikono kwanza. Tumia chombo safi chenye kifuniko, uandike jina, tarehe na saa. Maziwa hukaa saa 4 mahali pasipo na joto jingi, saa 24 katika kikasha chenye barafu iliyoganda, na siku 4 ndani ya friji.

Nawe unayebaki na mtoto, tumia kwanza maziwa yaliyotangulia kukamuliwa. Usiyachemshe, weka chombo ndani ya bakuli la maji moto hadi yapate uvuguvugu. Mnyweshe kwa kikombe safi, polepole. Yatakayobaki kikombeni usiyarudishe kwenye friji.

Titi likiwa jekundu, linauma na una homa, nenda kituo cha afya mara moja, wala usiache kunyonyesha.

Kumbuka: mama kurudi kazini si mwisho wa kunyonyesha.