Alama za Kipaumbele katika Ubao wa Kazi

Shule ya msingi ni mahali penye kazi nyingi kuliko watendaji. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya kijijini katika Mkoa wa Katavi huenda akajikuta ameshika darasa, zamu, michezo na bustani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ubao wa kazi uliomo ofisini hauna budi kumwonyesha mwalimu kazi ipi itangulie, wala si kumtajia kazi zilizopo tu. Siku hizi orodha hiyo huwekwa pia katika programu ya simu au kompyuta, nayo hutawaliwa na kanuni zile zile.

Alama njema ni ile isiyohitaji maelezo. Nyekundu, manjano na kijani hueleweka upesi kwa kuwa watu wamekwisha kuzizoea kwingine. Tangu reli ya kutoka Kaliua ifike Mpanda mwaka 1950, bendera nyekundu na ya kijani zimekuwa lugha ya stesheni. Zahanati nayo ina utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni manjano, na kuendelea ni kijani. Mama asiyejua kusoma tarakimu huona mara moja kwamba mwanawe yumo hatarini. Tazama pia kwamba rangi ni tatu tu. Programu yenye ngazi saba za umuhimu humchosha mtumiaji, naye huishia kutumia mbili.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi. Wako watu, wavulana zaidi kuliko wasichana, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani; na mara nyingi ofisini hamna chaki ila nyeupe. Taa za barabarani zilizosimama wima zimelitatua jambo hilo: nyekundu huwa juu daima, hivyo asiyeiona rangi huongozwa na mahali. Nasi tuiweke kazi ya kwanza juu kabisa, tena tuitie mistari mitatu pembeni. Ya pili miwili. Ya tatu mmoja. Wingi wa mistari hueleweka kwa macho. Tarakimu, kinyume chake, huleta utata: katika mtihani mwanafunzi wa 1 ndiye bora, lakini katika alama 5 huzidi 1. Msomaji atashika ipi?

Lililo gumu zaidi ni kutenganisha haraka na uzito. Chaki zikiisha asubuhi, kuzipata ni jambo la haraka, lakini si zito. Kuhakiki majina ya watahiniwa wa Darasa la Saba ni kazi nzito hata kama imesalia miezi miwili, kwani jina likisahaulika mtoto huweza kukosa mtihani aliousomea miaka saba. Alama moja ikitumika kwa yote mawili, chaki zitashinda kila siku na majina yatangoja hadi siku ya mwisho. Afadhali mistari ionyeshe uzito, na tarehe iandikwe kando ionyeshe haraka. Hapa programu ina faida: huweza kuipandisha kazi yenyewe kadiri tarehe inavyokaribia. Kwenye ubao kazi hiyo ni ya mwalimu wa zamu, kila asubuhi, kabla ya kengele.

Pana ugonjwa mmoja wa ofisi zetu: kila aletaye kazi huidai mistari mitatu, na wakubwa hawana nafuu. Ubao ukiwa mwekundu wote, hauna wekundu. Kwa hiyo iwekwe nafasi ya kazi tatu tu za ngazi ya juu. Anayetaka kuingiza ya nne aseme kwanza ipi ishuke. Mabishano yatakayozuka yana manufaa kuliko ubao wenyewe.

Ubao ukiwa tayari, usiulize wenzako kama unapendeza. Mwite mwanafunzi wa Darasa la Nne asiyeelezwa lolote, umwulize: tuanze na ipi? Akisita, au akinyooshea kidole kazi isiyostahili, futa alama zako uzipange upya, kisha umwite mwingine, maana yule wa kwanza amekwisha kufundishwa.