Ufuko wa Tanganyika huhama

Ukisimama Lubarika, katika uwanda wa Ruzizi kaskazini ya Uvira, husikii mawimbi ya ziwa. Lakini uwanda huu wenyewe ni kazi ya maji: mchanga na tope vilivyoshushwa na mito kutoka milimani, pamoja na vile ambavyo Tanganyika liliviacha kila lilipopanda na kurudi.

Ziwa hupokea mvua na mito, kama Ruzizi na Malagarasi. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie, nao hupitisha kidogo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kama mvuke. Ndiyo maana miaka michache ya mvua nyingi au ya ukame huonekana upesi ufukoni.

Historia ya kupanda na kushuka huko tunaisoma chini kabisa ya ziwa. Kwenye kina kirefu maji hayana oksijeni, kwa hiyo hakuna mnyama wa kuvuruga tope. Linalala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyorundikwa. Watafiti huzamisha mabomba kulichota, kisha hupima umri wake. Hutuma pia mawimbi ya sauti hadi sakafuni, na mwangwi huwaonyesha fuko za kale zilizofukiwa. Hivyo tunajua kwamba zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, katika ukame mkali, ziwa lilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa zaidi ya mita 400. Miaka 20,000 hivi iliyopita lilikuwa chini kwa zaidi ya mita 200. Wakati huo hata maji ya ziwa Kivu hayakuwa yakija huku. Volkano za Virunga ndizo zilizoziba njia yake ya kaskazini, likaja kufurika kusini kupitia Ruzizi.

Mabadiliko mengine yako karibu nasi. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Cameron aliikuta Lukuga imezibwa na mchanga na mafunjo. Ziwa likazidi kujaa hadi yapata 1878, maji yakavunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata likashuka karibu mita 10. Huko Ujiji, mahali panapokumbukwa kuwa ndipo Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 leo pameachwa mbali na maji.

Hayo yote hayakusababishwa na binadamu. Lakini tope hilohilo la sakafuni lina alama zetu pia. Palipofyekwa misitu kwenye miteremko, udongo mwingi umeingia ziwani, na aina za wanyama wadogo wenye magamba zimepungua. Tope linaonyesha vilevile kwamba katika karne ya 20 maji ya juu yalipata joto lisilokuwa na mfano kwa miaka 1,500. Maji yenye joto hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika, rutuba inabaki chini, na ndagala wanakosa chakula. Wavuvi peke yao wasibebeshwe lawama ya nyavu kutoka tupu.

Kwa kuwa ziwa hupanda na miteremko imefyekwa, Uvira ina mafuriko ya namna mbili, na dawa zake si moja. Mwaka 1964, na tena 2024, ziwa lilipanda polepole kwa miezi mingi, likaingia majumbani. Mti wa mlimani hauwezi kulizuia. Kinachofaa ni kuliachia ufuko wake na kuhakikisha Lukuga haizibwi. Lakini Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka kwa saa chache tu, ukibeba mawe na tope, ukaua makumi ya watu. Hapo mti wa mlimani ni uhai, na kuulinda ni kazi ya kila anayelima juu ya mji na juu ya uwanda, Lubarika ikiwamo.

Anayegawa kiwanja karibu na maji asiangalie ufuko wa mwaka huu. Awaulize wazee maji ya 1964 yalifika wapi, apige alama hapo, kisha apande juu zaidi ndipo aweke jiwe la kwanza la msingi.