Mafundi wa Jumamosi: Marimba, Patasi na Ndoo ya Maji

Si kila baba anayechelewa kurudi nyumbani Jumamosi jioni yuko kilabuni. Hapa Dodoma wapo ambao utawakuta uani kwa rafiki yao, wameinama juu ya kipande cha mbao, wakibishana kama msumari uliopondwa unaimba au unapiga kelele tu. Hawalipwi. Hawana duka wala mteja. Wanatengeneza marimba, zeze na ngoma kwa sababu wanapenda, na wake zao wanapowauliza wamepata nini leo, huonyesha kidole kilichofungwa bandeji.

Ua wenyewe ni wetu. Wako saba: mwalimu mstaafu, dereva wa lori, fundi cherehani, karani aliyehamia hapa wizara yake ilipohama kutoka Dar es Salaam, mzee mmoja Mgogo wa upande wa Chamwino aliyejifunza marimba akiwa kijana wa kuchunga ng'ombe, mume wangu, na mama mmoja wa kwaya ambaye ngoma zake ni nzuri kuliko za wanaume wote. Mimi si fundi. Kazi yangu ni uuguzi, na sanduku langu la huduma ya kwanza limehamia kibarazani tangu walipoanza.

KAZI YENYEWE

Marimba ya Wagogo, au ilimba kama wenyewe wanavyoiita, si ile marimba ya kugonga kwa vijiti. Hii ni sanduku la mti linaloshikwa mikononi, juu yake kuna vipande vyembamba vya chuma ambavyo mpigaji anavibonyeza kwa vidole gumba. Kipande kirefu hutoa sauti nzito, kifupi hutoa sauti nyembamba. Ukikisukuma kidogo mbele au nyuma juu ya daraja lake, sauti hubadilika. Chuma hutoka popote: misumari, spoki za baiskeli, nyaya za mwavuli uliovunjika. Mwavuli wangu wa kwenda kazini ulitoweka mwezi wa tatu, na sauti yake naisikia kila Jumamosi.

Jina kubwa katika muziki huu ni la marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma mkoani hapa, aliyefariki mwaka 2003. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, baadaye akawa miongoni mwa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na marimba yake ilisikika Ulaya, Asia na Marekani. Alitengeneza marimba kubwa zenye vipande vya chuma zaidi ya sitini, wakati wengi huridhika na nusu ya hapo. Akina mama watafurahi kujua kwamba siku hizi wanaoimba mbele katika ukoo huo ni wanawake: binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu yao ya Maisha mwaka 2024. Zamani wanawake wa familia hiyo walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume.

Kinachofanya marimba ya Kigogo ivume kama nyuki ni buibui. Kwenye uso wa sanduku hutobolewa tundu dogo, na juu yake hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Chuma kikilia, utando unatetemeka. Basi mimi ninayefundisha wazazi usafi wa nyumba nimeombwa, kwa heshima zote, nisifagie pembe za stoo. Karani alisema hayo ni mambo ya kizamani, akajaribu nailoni ya mkate. Ikavuma siku mbili, ya tatu ikalegea. Mzee hakusema kitu. Alikwenda stoo, akarudi na utando kwenye ncha ya kisu.

SANDUKU LILILOPASUKA

Marimba za zamani huchongwa kutoka gogo moja. Wenzetu waliona hiyo ni kazi ndefu, wakanunua mbao za msonobari kutoka Iringa, zikiwa bado na unyevu, wakaziunga kwa gundi mwezi wa pili mvua zikinyesha. Sanduku lilikuwa zuri, likapigwa msasa na vanishi. Wanaokaa Dodoma wanajua kilichofuata. Mvua yetu haifiki hata milimita 600 kwa mwaka, na ikikatika mwezi wa nne haionekani tena mpaka karibu na Krismasi. Upepo wa Juni na Julai hukausha midomo, visigino na mbao. Usiku mmoja tulisikia mlio kama wa fimbo kuvunjika, na asubuhi sanduku lilikuwa na ufa wa kupitisha sarafu.

Mwalimu mstaafu alitaka kuujaza kwa gundi na unga wa mbao. Mzee akamwambia, "Mwalimu, mti haujamaliza kukauka. Utaziba leo, utafunguka kesho." Siku hizi mbao zinakaa juu ya kabati letu miezi sita kabla ya kuguswa na msumeno, na mninga, ambao hautanuki wala kusinyaa sana, umechukua nafasi ya msonobari kila wanapoupata.

Mninga nao una lake. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, na wenye pumu hubanwa kifua. Mwaka 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Fundi wa Jumamosi havuti vumbi jingi kama wa kiwandani, lakini watoto wanaocheza chini ya meza ya randa wanavuta pamoja naye. Tulihamisha meza chini ya mwarobaini, upande ambao upepo unatokea nyumbani kwenda barabarani, na anayepiga msasa hufunga kitambaa au barakoa. Kufagia ni baada ya kunyunyizia maji kidogo.

SIMU INAYOPIMA SAUTI

Karani, ambaye moyo wake ni mwema sana, alileta simu yenye programu ya kupimia sauti ili marimba ilingane na kinanda cha kanisa. Walishinda mchana kutwa wakisukuma vyuma. Mshale wa simu ukakaa katikati kila mahali, wakafurahi. Mzee alipoichukua akapiga wimbo mmoja, akasimama. "Hii imekuwa ya Kizungu," alisema, "haiongei."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee, lakini wataalamu wa muziki wanakubaliana naye. Wagogo hupanga sauti zao kwa kufuata zile zinazojificha ndani ya sauti moja nene, kama zinavyojitenga ukigusa uzi uliokazwa katika sehemu zake za nne, tano, sita, mpaka tisa. Ile ya saba iko chini kuliko ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ni tofauti ndogo, lakini sikio la Mgogo haliikosi. Kwaya ilipojaribu vyote viwili kwa pamoja, Mama Mchungaji aliomba kwa upole wachague kimoja. Sasa marimba ina wimbo wake, na kinanda kinanyamaza mpaka uishe.

AJALI, MOJA BAADA YA NYINGINE

Hapa ndipo nilipokusudia kufika, maana karibu kila nyumba ina mtu wa nyundo na bisibisi.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ya dereva. Alikuwa akiponda msumari juu ya kipande cha reli, nyundo ikateleza, na kitu kikaruka. "Ni mchanga tu," alisema, akaanza kufikicha jicho. Jirani akaita mama anayenyonyesha aje amdondoshee maziwa. Nilimshukuru mama yule, nikamrudisha kwa mtoto wake. Maziwa ya titi si dawa ya jicho lililoumia, na yanaweza kuingiza vijidudu.

Dada zangu, vumbi huoshwa kwa maji safi mengi na mara nyingi hutoka. Chuma kilichoruka kutoka kwenye nyundo ni jambo jingine. Kipande kidogo kama punje ya ulezi kinaweza kupenya ndani ya mboni na maumivu yakawa kidogo mno, ndiyo maana wengi husubiri mpaka kesho. Kikibaki juu ya jicho huanza kufanya kutu baada ya saa chache. Usifikiche, usibinye, usijaribu kukitoa kwa pembe ya khanga. Funika jicho kwa kitu kisicholigusa, kama kikombe cha karatasi kilichokatwa, mgonjwa akae ameinua kichwa, na muende hospitali siku hiyo hiyo. Cha dereva kilikuwa juu juu. Kilitolewa, akapewa dawa, na baada ya wiki alikuwa barabarani. Ukanda huu umeumia macho vya kutosha kwa vumbi na vikope, hata watafiti wakaja kukaa Kongwa miaka ya 1980 kuuchunguza ugonjwa huo. Hatuhitaji kuongeza upofu wa nyundo. Miwani ya kukinga macho inapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na uani kwetu asiyeivaa hapewi nyundo.

Ya pili ilimpata fundi cherehani. Aliikandamiza patasi kuelekea mkono ulioshika mbao. Damu ilikuwa nyingi, na kabla sijafika mtu alikuwa ameshamimina mafuta ya taa. Jeraha linalovuja damu nyingi kwanza hukandamizwa kwa kitambaa safi dakika kumi kwa saa, bila kuchungulia kila mara, kisha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni. Swali nililomuuliza baadaye ni la chanjo ya pepopunda. Sisi wanawake wengi tumechanjwa tulipokuwa wajawazito. Waume zetu huenda hawajaguswa na sindano hiyo tangu utotoni, kama waliwahi kuipata. Mwulize wako leo, na kama hajui, mpeleke kituo cha afya kabla patasi haijamuuliza.

Ya tatu ilinishangaza hata mimi. Mume wangu alimwaga supaglu mezani, akaifuta haraka kwa pamba. Pamba ikaanza kutoa moshi mkononi. Si uchawi: gundi hiyo ikikutana na pamba au kitambaa cha pamba hukauka kwa kasi na kutoa joto kali la kuunguza. Ikifuta, tumia karatasi ngumu au kipande cha plastiki. Vidole vikigandana, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uviachanishe polepole kwa kuvizungusha, bila kuvivuta.

Kuungua, kwa gundi au kwa nondo ya moto ya kutobolea matundu, tiba yake ya kwanza ni maji ya kawaida kwa dakika ishirini. Najua mtaniambia: Sista, hii ni Dodoma, maji dakika ishirini tuyatoe wapi? Weka beseni chini, mimina taratibu kwa kikombe, na maji safi ya beseni hilo yachote tena. Ndoo moja inatosha. Dawa ya meno, asali na yai viache jikoni.

NGOZI

Mama wa kwaya anatengeneza ngoma za muheme, zile ambazo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, wakizibana katikati ya mapaja. Ngozi ya mbuzi hulowekwa siku moja au mbili, hunyolewa manyoya, huvutwa ikiwa mbichi na kukaushwa kivulini, kwa kuwa jua letu huichana. Harufu yake siwezi kuieleza kwenye gazeti la familia.

Hofu yangu haikuwa harufu. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja huko New York aliugua kimeta cha mapafu kutokana na ngozi za mbuzi alizozileta kutoka Afrika Magharibi. Alipona. Mwaka 2008 mwingine wa London alifariki kwa ugonjwa huo huo. Mbegu za kimeta hukaa kwenye ngozi kavu miaka mingi, na kuparua manyoya huzirusha hewani. Kwa hiyo ngozi ya mnyama aliyejifia haiingii uani, hata ikitolewa bure. Mama yetu hununua ya mnyama aliyekaguliwa na daktari wa mifugo, katika machinjio ya Kizota. Huiparua ikiwa imelowa, akivaa glavu. Anayeshika ngozi akiota kipele kisichouma, kikageuka kidonda cheusi katikati, asingoje wiki ipite. Kimeta cha ngozi hutibika vizuri kwa dawa za kawaida za vijidudu kikiwahiwa.

Ngozi ya kwanza kabisa hatukuipata ngoma yake. Iliwekwa kwenye beseni nyuma ya jiko, na usiku mbwa wa jirani akaibeba. Asubuhi tuliifuata kwa alama za matone mpaka kwenye mtaro, tukakuta amekula kipande cha ukubwa wa sahani. Jirani alilipa fidia ya kuku mmoja, ambaye mafundi walimla siku hiyo hiyo bila kumwachia mbwa mfupa. Sasa tunaloweka kwenye pipa lenye kifuniko, na juu ya kifuniko kuna ile reli ya dereva.