Kabla Hujailaumu Akili, Pima Macho

Mwaka wa kwanza nilipata sapu mbili. Zote za hesabu, yale masomo ambayo mwalimu anaandika ubaoni tangu anaingia mpaka anatoka. Masomo ya kusoma desa nilikuwa nafaulu vizuri tu, wala sikujiuliza kwa nini. Nilishajiambia hesabu siziwezi. Ukumbini nilikaa nyuma nikinakili kwenye daftari la jirani. Jirani akisinzia, na mimi somo limeishia hapo. Sapu nilizipita kwa tabu, nikaingia mwaka wa pili nikijua safari hii nadisko.

Kila Alhamisi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Afya ya Macho Duniani. Mwaka ule wataalamu walikuja chuoni kupima watu bure, wakaweka meza zao karibu na vimbweta. Nilimsindikiza rafiki yangu tu. Nikiwa namsubiri nikaambiwa, "Na wewe njoo ukae hapa."

Ile chati ya herufi zinazopungua ukubwa ilibuniwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Unakaa mita 6 kutoka kwenye chati, unafunika jicho moja, unasoma. Macho mazima hupata 6/6. Mimi nilipata 6/24, yaani herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma kutoka mita 24, mimi lazima nisogee mpaka mita 6. Tatizo langu ni kutoona mbali: picha inatua mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya kutua juu yake. Lenzi ya miwani inairudisha mahali pake. Wapo watakaokuambia miwani inadhoofisha macho. Si kweli. Ukiivua unaona ukungu kwa sababu sasa umeshajua kuona vizuri kukoje.

Ingeishia hapo ningeandika barua ya shukrani, si makala. Lakini yule mtaalamu aliniuliza swali moja zaidi: "Kwenu kuna aliyepofuka?" Nikamjibu yupo, bibi mzaa mama, ila ule ni uzee. Akaweka kalamu chini. "Uzee peke yake haupofushi mtu, mdogo wangu. Kuna kitu kilimpofusha. Mama yako amewahi kupima?"

Alikuwa anafikiria presha ya macho, ambayo kitaalamu ni glakoma. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutolewa muda wote. Njia ya kutokea ikiwa nzito, msukumo unapanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa watu wengi haiumi, haiwashi, wala jicho halibadiliki rangi. Inaanza kula uoni wa pembeni, na ule wa katikati unabaki mzuri mpaka karibu na mwisho, ndiyo maana mtu hashtuki. Kilichopotea hakirudi. Hatari ni kubwa zaidi kwetu sisi Waafrika, kwa waliovuka miaka 40, na kwa mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua.

Usiku ule nilimpigia mama. Akacheka. "Macho yangu mazima, mwanangu. Basi likitokea kule kona, namba yake naisoma kabla yenu." Ilinichukua wiki tatu za kumbembeleza, na nauli ikatoka kwenye bumu langu. Hospitali walimpima msukumo, ambao kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21, halafu wakamulika na mshipa wenyewe, kwa sababu kuna watu wanaoumia hata kama namba ni nzuri. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza kupoteza pembe. Namba ya basi anaisoma kweli. Bodaboda inayotokea kushoto ndiyo asiyoiona. Sasa anatia dawa ya matone kila usiku. Haitamrudishia kilichokwenda, inalinda kilichobaki.

Tukirudi kwetu wenye simu na laptopu. Macho kuuma na kukauka baada ya kukesha na desa mara nyingi si ugonjwa: ukikodolea skrini unasahau kupepesa, na jicho linakosa machozi ya kulilainisha. Kila dakika 20 inua uso, angalia kitu kilicho umbali wa kama futi 20, hesabu sekunde 20. Ongeza taa, sogeza skrini mbali kidogo. Usihangaike kununua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Uchunguzi wa tafiti uliotoka mwaka 2023 haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho. Sigara iache, maana inachangia mtoto wa jicho.

Kubwa zaidi ni dawa. Jicho likiwa jekundu tunakimbilia duka la dawa au tunaazima kichupa cha mwenzetu hosteli. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Yanatuliza haraka, lakini ukiyatumia muda mrefu bila daktari yanaweza kukuletea presha ya macho ileile na mtoto wa jicho. Maziwa ya mama na maji ya sukari navyo si dawa ya jicho.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kati yao angalau bilioni 1 lingeweza kuzuilika au bado halijapatiwa tiba. Bibi yangu huenda alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemuuliza swali lile mapema.

Mimi nimeambiwa nipime kila mwaka. Usiye na tatizo, kila miaka miwili si mbaya. Anzia kituo cha afya cha chuo, uliza bima yako inalipia nini. Na ukishapima, piga simu nyumbani. Usiulize kama wanaona vizuri, maana watakujibu ndiyo. Uliza walipima lini.