Somalia Ndani ya Jumuiya (3): Dawa ya 1967 Tuliyoiacha Kabatini

Bunge la Afrika Mashariki limeahirisha shughuli zake kwa kukosa fedha, na lawama zimeelekezwa kwa nchi zenye malimbikizo ya michango, Somalia ikiwa mojawapo. Redioni watu wanauliza: hawa tuliwaingiza wa nini? Swali hilo linaniudhi. Wanaoliuliza wanadhani Somalia ilizuka mlangoni mwaka 2023. Safari ya kukubaliwa, kutia saini na kuwasilisha hati ya kuridhia tumeshaieleza katika makala zilizotangulia, kwa hiyo leo nirudi nyuma zaidi.

Somalia ilibisha hodi mara tu baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuanza kazi Desemba 1967. Haikuwa peke yake, kwani Zambia, Ethiopia na Burundi nazo ziliomba. Na ombi hilo lilikuwa na mizizi. Bandari za Benadir, Mogadishu na Barawa zikiwemo, zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Waitalia walipozikodi na hatimaye kuzinunua mwaka 1905. Barawa wako wenyeji ambao lugha yao ya nyumbani ni Chimiini, lahaja ya Kiswahili. Kismayu na Jubaland yote ilitawaliwa kama sehemu ya Kenya mpaka Uingereza ilipoikabidhi kwa Italia mwaka 1925. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika Mogadishu baada ya Waingereza kuuteka mji huo mwaka 1941, na fedha iliyoirithi mwaka 1950, somalo, ilianza kwa thamani sawa na shilingi hiyo. Tunamwitaje mgeni mtu wa namna hii?

Maombi yale hayakufika popote. Idi Amin alipompindua Milton Obote nchini Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye meza moja, na baraza la marais watatu wa Kenya, Uganda na Tanzania halikukutana tena. Jumuiya iliyoshindwa kuwakutanisha wenyewe isingeweza kupokea wengine.

Lakini Mkataba wa 1967 ulioiunda Jumuiya hiyo ulikuwa na hekima ambayo leo tunaihitaji kuliko wakati wowote. Waasisi walijua kuwa Kenya ina viwanda vingi, na kwamba kuondoa ushuru wote kwa siku moja kungezigeuza Uganda na Tanzania kuwa magulio ya Nairobi. Wakabuni kodi ya uhamisho. Nchi iliyonunua bidhaa nyingi zaidi za viwandani kutoka kwa mwenzake kuliko ilivyomuuzia iliruhusiwa kutoza kodi bidhaa za mwenzake huyo, mradi nayo ilikuwa inatengeneza bidhaa za aina hiyo au ilikuwa mbioni kuanza. Chukua sabuni ya Nairobi iliyoshushwa Mwanza. Kama sabuni ya ng'ambo ilitozwa shilingi ishirini, ile ya Nairobi ingeweza kutozwa kumi na si zaidi, kwa kuwa kikomo kilikuwa nusu ya ushuru wa nje. Kila kodi ya namna hiyo ilipewa uhai wa miaka minane. Kiwanda kichanga kilipata kivuli, na mwenye kiwanda alijua tarehe ya kivuli kuondolewa.

Kisha angalia Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki kule Kampala. Nchi tatu zilichangia mtaji sawasawa, lakini uwekezaji wake uligawanywa kwa makusudi: Tanzania asilimia 38.75, Uganda asilimia 38.75, Kenya asilimia 22.5. Aliyetangulia alikubali kupata kidogo ili jirani amfikie. Huo ndio udugu ulioandikwa kwa tarakimu. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, ni kweli, lakini sikubaliani na wanaoizika pamoja na vifungu vyake bora.

Mkataba wa 1999 ulioifufua Jumuiya ulichukua njia nyingine. Ibara ya 132 iliweka michango sawa kwa wote, Burundi ilipe kiasi kile kile cha Kenya, na ni juzi tu wakuu wa nchi wameafiki kuzingatia pia pato la kila nchi. Umoja wa Forodha ulipoanza 2005, baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru Uganda na Tanzania kwa miaka mitano, ukipungua kila mwaka. Yaani hata sisi waasisi tulijipa muda wa kupumua! Ni haki gani basi inayotufanya tumkaripie Msomali kwa kutokimbia?

Mizigo yake ni mizito. Serikali ya Mogadishu hutegemea sana mapato ya forodha, ilhali Jubaland na Puntland hujikusanyia ushuru wa bandari zao. Ushuru wa pamoja wenye viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35 utatekelezwaje Kismayu ikiwa mkusanyaji hawajibiki Mogadishu? Kuhusu sarafu moja inayopangwa na Jumuiya, Shirika la Fedha la Kimataifa limewahi kukadiria kuwa karibu asilimia 98 ya noti za shilingi ya Somalia zilizokuwa mikononi mwa watu ni bandia. Na upande wa sheria, Ibara ya 8 ya Mkataba wa 1999 inazipa sheria za Jumuiya nafasi ya juu kuliko za nchi katika mambo ya Mkataba, wakati katiba ya muda ya Somalia ya 2012 inaiweka Sharia juu, kisha katiba yenyewe. Siku kesi ya aina hiyo itakapofika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, majaji watahitaji mwongozo ulioandikwa.

Ndiyo maana nashikilia kuwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya liifufue kodi ya uhamisho kwa ajili ya Somalia, Sudan Kusini na Kongo, ikiwa na kikomo na tarehe kama ilivyokuwa 1967, na malimbikizo ya michango yapangiwe ratiba ya kulipwa kulingana na uwezo wa kila nchi. Mahakama na Ibara ya 8 tutazichambua katika sehemu ya nne.