Mradi Ukaguliwe Oktoba

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huadhimishwa tarehe 1 Aprili. Kwa mtu wa Bukoba, ambako masika yanakuwa yamekolea, tarehe hiyo haina neno. Kwa mtu wa Tabora ni mtihani. Mvua za huku ni za msimu mmoja: huanza Novemba, na Mei ikiingia zimekwisha. Mche uliotiwa shimoni Aprili mosi unapata wiki chache za mvua, kisha unakabidhiwa kiangazi cha miezi 6. Mizizi bado haijashika, mbuzi wameachiliwa mashambani baada ya mavuno, na mgeni rasmi aliyeupanda amesharudi ofisini.

Miradi mingi ya uhifadhi upande huu wa magharibi hukwamia hapo: kwenye kalenda, na kwenye swali la nani anabaki na kazi maturubai yakishakunjwa. Serikali iliziagiza halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kila mwaka. Mkoa wa Tabora una halmashauri 8, kwa hiyo lengo la mkoa ni miti milioni 12 kwa mwaka. Kuhesabu iliyopandwa ni kazi ya siku moja. Kuhesabu iliyopona kunataka mtu, pikipiki na mafuta, mwaka wa pili na wa tatu, wakati bajeti ya miche ilikwisha mwaka wa kwanza.

Miembe mikubwa ya Tabora haikungoja andiko la mradi. Mti huo ulisambaa bara pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, njia ya kilomita zipatazo 1,200, ambayo kituo chake kikuu kilikuwa Unyanyembe, eneo la Tabora yenyewe. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa, watumwa wakapitishwa kwa minyororo, na miembe ikaota mahali watu walipotua mizigo na kukaa. Leo vivuli vyake ndiyo bustani ya mji: chini yake kuna mama lishe, bodaboda na wazee wa bao.

Uliza sasa mwembe wa barabarani ni wa nani. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, mitaa iko chini ya TARURA tangu 2017, nyaya ni za TANESCO, usafi ni wa Manispaa. Mti umesimama katikati yao wote. Kila mmoja anaweza kupata fedha za kukata tawi linalomzuia. Fungu la kuupandia mwembe mzee mrithi wake, miaka 20 kabla haujaanguka, ni vigumu kusema litoke kwa nani. Ujiji somo hilo wanalijua: mwembe unaohusishwa na mkutano wa Stanley na Livingstone mwaka 1871 ulikufa zamani, na wageni leo huonyeshwa miembe iliyotokana nao. Ipo kwa sababu kuna mtu aliyefikiria mapema.

Kilomita kama 10 kutoka mjini Tabora iko Kwihara, na tembe walilokaa Stanley na Livingstone mwanzoni mwa 1872, kabla Livingstone hajaondoka Agosti mwaka huo kwa safari yake ya mwisho. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha Kwihara kwenye orodha ya awali ya UNESCO pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, vituo vya njia moja ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Orodha ya awali haiji na fedha. Ni nchi kusema kwamba inakusudia kuomba, na ombi lenyewe linadai mipaka iliyopimwa, mpango wa usimamizi na fedha za kuuendesha. Takriban miaka 20 imepita.

Nayo nyumba ya tembe ina madai yake. Juu ya mihimili hupangwa fito, juu ya fito nyasi au magome, kisha udongo unaoshindiliwa. Udongo ukikauka hupasuka. Kwenye ufa huota jani, mzizi wa jani hupanua ufa, na mvua ya kwanza ya Novemba hushuka hadi kwenye mhimili, ambao mchwa nao wanaumezea mate. Dawa yake ni rahisi: watu wachache, udongo, maji na siku kadhaa za kazi. Ila ni kila kiangazi, bila kuruka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi, na miezi ya kuziba paa ni hiyohiyo, Julai hadi Oktoba. Fungu likichelewa mpaka Desemba, fundi anapanda juu mvua ikimnyeshea. Lisipokuja kabisa, kazi iliyokuwa ya vibarua inageuka kuwa andiko, mfadhili na zabuni.

Fedha kubwa zikipatikana, kazi huonekana. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya ukarabati uliochangiwa na wafadhili wa nje. Lakini Kilwa ni urithi wa dunia tangu 1981, na jina hilo huvuta wafadhili. Kituo kidogo cha bara hakina jina la kuvuta mtu. Kinahitaji fedha ndogo zinazofika kwa wakati.

Misitu ya miombo inayozunguka mji ina hesabu hiyohiyo. Mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni, na asali ndiyo inayompa mwanakijiji sababu ya kuuacha mti usimame. Mrina asali naye ana lawama zake: mzinga wa gome huuchuna mti mzima wa mtundu, nao hufa. Hata hivyo, mwenye mizinga msituni huuona moto wa Septemba kabla ya ofisi yoyote, na hupata hasara ukipita. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Hifadhi ya taifa hutegemea utalii, na zile za magharibi kwa miaka mingi zimebebwa na mapato ya Serengeti na Kilimanjaro. Kuanzia Julai 2020 makusanyo hayo yakaanza kupitia Hazina. Hadhi ilipanda, na umbali kati ya msitu na mkono unaoulipia ukaongezeka.

Jirani zetu wa Shinyanga walijaribu njia nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986 kwa msaada wa Norway, katika mkoa uliokuwa umefyekwa miti kupita kiasi. Badala ya kuleta msitu mpya, ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi zibaki za kiangazi. Maeneo yaliyofungwa yaliongezeka kutoka hekta zipatazo 600 hadi zaidi ya 300,000. Mwenye ng'ombe alilinda kwa sababu ng'ombe wake ndio wangekula, na sheria za kijiji zilimtoza faini aliyeingiza mifugo kabla ya wakati. Mradi ulikwisha 2004. Baadhi ya ngitili zimemegwa tangu hapo, kwa mifugo na mashamba, lakini nyingine zimebaki, zinalindwa na watu wasio kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote.

Tabora inaweza kujifunza hapo bila kungoja mfadhili. Kila mradi wa miti au malikale utenge tangu mwanzo fedha za miaka mitatu ya matunzo, na zilipwe Julai. Mwembe wa barabarani upewe ofisi moja yenye dhamana. Wanakijiji wa Kwihara wawe na mkataba wa paa kila mwaka, na warina asali wawe na sauti wanapochorewa mipaka. Madiwani nao waache kutembelea miradi siku ya uzinduzi, waende Oktoba, wakati jua limekausha kila kitu: mche ulio hai siku hiyo, na paa lililokwisha kuzibwa kabla ya wingu la kwanza, ndivyo viandikwe kwenye taarifa.