Mhandisi wa Desa

Tangu Juni 2025 hatusubiri tena kivuko pale Kigongo. Unapita Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ziwa, dakika chache uko Busisi. Wakandarasi walitoka China, na wala sina ugomvi nao. Mimi ni wa ualimu; ninachoangalia ni jinsi wenzetu wa uhandisi wanavyofundishwa.

Wanasoma miaka minne chuoni. Halafu, kabla ya kusajiliwa wahandisi wataalamu, kuna mitatu mingine chini ya mhandisi mzoefu, kwenye mpango ambao Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliuanzisha 2003. Mpango mzuri, ila unamkuta mtu ameshazoea desa. Fildi yao ni wiki chache za likizo. Jamaa yangu mmoja aliimaliza akipanga mafaili. Sisi wa ualimu hatuhitimu mpaka mhadhiri akae nyuma ya darasa, atuone tukifundisha watoto wa kweli.

Basi na wao wapewe muhula mzima saiti, wenye maksi. Na mtihani utoke hapahapa Mwanza: nyumba za Igogo zimekaa juu ya mawe, shimo la choo halichimbiki. Majitaka utayashushaje mlimani bila kuyamwaga ziwani? Chora, piga gharama, kisha nenda kamweleze mwenye nyumba.